Ndiyo Zote za Tumukunde

Agathe alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta mchawi.

Tangu darasa la nne, pale Kirolirwe, mwalimu alikuwa akimwita mbele aandike tarehe ubaoni, kwa sababu herufi zake zilisimama wima zote, hakuna iliyolala. Baba yake alichunga ng'ombe za watu kwenye ferme, shamba la malisho, na kusoma hakujua, ila alilibeba daftari la binti yake hadi zizini kuwaonyesha wachungaji wenzake. Walilishika kwa ncha za vidole wasije wakalipaka maziwa. Lilikuwa safi, halina mkwaruzo hata mmoja. Agathe akikosea neno alichana ukurasa mzima akaanza upya, na mama yake akagomba kwamba karatasi haioti shambani kama maharagi.

Leo ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kusikiliza watu kwenye kituo cha afya kilichoko juu ya Kirolirwe. Kwenye karatasi za kazi ana jina refu la Kifaransa la kumaliza pumzi. Watoto wa kilimani hawana muda huo, wao wanamwita Mama Fishi, kwa sababu haonekani njiani bila mafishi yake, zile fomu za wagonjwa, kwapani, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki yasilowe. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye kile chumba chenye dirisha moja, akisikiliza mambo ambayo wewe na mimi tungetoka nje tukatapike. Jioni anarudi nyumbani kwa Viateur, mume wake, mtengeneza fromaji, yaani jibini, anayenuka maziwa tangu kichwani mpaka viatuni. Anamwambia tu kwamba leo watu walikuwa wengi. Viateur naye haulizi, anamsogezea kiti.

Mwaka uliopita akaja Elodie. Huyu ni mwanasaikolojia, kijana bado, anakaa Masisi mjini na kuzunguka vituo vyote kwa moto, yaani pikipiki, matope mpaka magotini. Alileta kijitabu. Akawakusanya Agathe na wenzake siku nne katika jumba la kanisa, akawaeleza. Kuna ugonjwa unaomjia mtu kama malaria, jana hakuwa nao, leo anao. Halafu kuna namna mtu alivyo, inayoanza ujanani na kumfuata kila aendako, nyumbani, kazini, kanisani, ikimuumiza yeye na wanaoishi naye. Kijitabu kinatafuta hiyo ya pili. Maswali yake husomwa kwa mpangilio, hayaongezwi sukari wala chumvi. Jibu linapewa alama. Moja maana yake hakuna, mbili maana yake labda, tatu maana yake iko kweli.

"Lakini mutu anaweza kusema ndiyo juu ya mambo mingi," Elodie aliwaambia. "Kila ndiyo iko na batoto batatu. Tangu lini? Fasi gani na gani? Nipe mufano. Ukiona ndiyo inatembea yenyewe, bila batoto, usiiandikie tatu. Tena mutafute mutu mwenye alimujua ule mugonjwa zamani, mbele ya matatizo. Bila huyo, mutapima vita, hamutapima mutu."

Agathe aliyashika yote kichwani. Akafika nyumbani, akamfanyia mazoezi Viateur.

"Unaona kama bantu banatumia wema wako vibaya?"

"Njo," Viateur akajibu, ndiyo ile ya Kiswahili chetu. "Weye."

"Tangu lini?"

"Tangu nilitoa ng'ombe za mahari."

"Fasi gani?"

"Humu mu nyumba."

"Nipe mufano."

"Ni saa moja, na chakula sijaona."

Agathe akacheka mpaka kijitabu kikamtoka mkononi. Akamwandikia moja, akaenda kuinjika maharagi. Siku zile ndiyo ilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Sasa nije kwa Tumukunde. Ni msichana wa miaka ishirini na minne, mjane. Mume wake, Ndayambaje, alifunikwa na udongo akichimba madini huko Rubaya, mtoto wao Kayitesi akiwa hajaanza kutambaa. Vita vilipopanda vilimani, Tumukunde alimfunga mtoto mgongoni akakimbilia kambini, kando ya Goma, wakakaa miaka miwili chini ya bâche, lile turubai jeupe ambalo jua likiwaka ndani mnaiva, na mvua ikinyesha mnaelea. Kambi zilipovunjwa, akarudi kwa miguu na mtoto wake, sasa ana miaka minne, mpaka kwa mama mkwe wake, Nyiransabimana. Hakuwa na pengine. Mama yake mzazi alikwisha kufa, na shangazi yake Twizeyimana, aliyemlea, alikuwa amekimbilia upande wa Walikale, huko msituni.

Nyiransabimana alimpokea vizuri, tusimsingizie. Ila aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Tumukunde alificha maharagi ndani ya godoro la majani. Hakukubali mtu mwingine ambebe mtoto. Mama mkwe aliposema Kayitesi amekonda, alirusha sufuria, maji ya moto yakamwagika karibu na miguu ya watu. Na kila aliposikia moto inapanda kilima, alimnyakua mtoto akaingia naye kwenye mahindi, akakaa humo mpaka jua lizame. Siku moja mvua iliwanyeshea humo humo. Kayitesi akashikwa na kikohozi kibaya, kile cha kuvuta mbavu. Nyiransabimana alikwisha kuzika mtoto mmoja. Akamchukua mjukuu akamlaza chumbani kwake, na Tumukunde akaambiwa alale jikoni.

Ndipo Sebarenzi alipoitisha kikao. Sebarenzi ni katekista, kaka wa marehemu baba mkwe, na neno lake katika ule ukoo ndilo linalofunga mlango. Wakakaa uani, wazee sita na chupa moja ya kasiksi, pombe ya ndizi, na Agathe aliitwa kwa sababu ni mtu wa afya. Tumukunde hakuitwa. Walimtuma maji mtoni, kama desturi ya kwetu ilivyo, mke wa ukoo anapojadiliwa hakai hapo.

"Mama Agathe, sisi hatuchukii huyu mutoto wetu," Sebarenzi akasema. "Tunataka kujua tu. Kama ni ugonjwa, tutangojea apone, na Kayitesi atarudi kwake. Lakini kama njo namna iko tangu zamani, hata tungojee miaka kumi hatapona. Mutoto atabakia kwa bibi yake. Nasikia uko na kijitabu chenye kinaonyesha."

Hapo ndipo Agathe alipopaswa kusimama na kusema, Papa, kijitabu si mzani wa sokoni, na hata mwenye namna ngumu analea mtoto wake. Alisema nusu yake. Nusu nyingine ilimezwa na furaha, maana wazee sita walikuwa wanayategemea maandishi yake, yeye mtoto wa mchunga ng'ombe. Akasema atamuuliza Tumukunde, halafu barua itatoka kwa Elodie, Masisi. Na kumweleza Tumukunde kilichoko mezani, Agathe alidhani Sebarenzi atafanya. Sebarenzi naye alidhani ni kazi ya mtu wa afya. Basi hakuna aliyemweleza.

Siku ya maulizo mvua ilinyesha vibaya, mabati yakapiga kelele mpaka walisogeza viti magoti yakagusana. Tumukunde alikuja amesuka nywele, amevaa kikwembe chake kimoja kizuri. Kabla ya kuulizwa neno, akafungua kifuko cha plastiki akapanga mezani karata, ile kadi yake ya kambini, na jetoni tatu za kupokelea chakula, zimechakaa pembe zote.

"Weka, mama, hiyo hatuitaki hapa," Agathe akasema, akamrudishia.

Akamsomea maneno ya kufungulia, kwamba tunauliza ili tukuelewe na tukusaidie, na kwamba barua itasomwa na familia. Tumukunde akatia kidole gumba kwenye wino kabla hayajaisha. Wakaanza.

"Mara mingi unawaza kama bantu banataka kukudanganya?"

"Njo."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Zamani gani? Mbele ya vita?"

Tumukunde akamtazama usoni kidogo, akitafuta jibu linalotakiwa. "Mbele," akasema. "Tangu niko mutoto."

"Nipe mufano."

"Bamama ba kambi baliniiba bâche."

Agathe alikuwa ameshaandika tatu. Kalamu ikasimama hewani. Anasema tangu utoto, na mfano ni wa kambini! Mtoto mmoja anakana mwenzake. Kwa sheria ya Elodie hiyo ilikuwa mbili, pengine moja. Lakini ili aandike mbili ilibidi aikate ile tatu, na ile tatu ilikuwa imekaa vizuri katikati ya kisanduku, matumbo mawili ya mviringo sawasawa. Ee mama, mtu anaweza kuuawa na uzuri wa herufi. Akasema moyoni atarekebisha mbele ya safari. Akageuza ukurasa.

"Unakasirika mpaka unatupa bintu?" Njo, tangu mutoto. "Unafanya mambo mbio, bila kuwaza?" Njo, tangu mutoto. "Unaogopa sana kuachwa na bale unapenda?" Njo. Majibu yalikuja kabla swali halijafika mwisho. Njo, njo, njo, na kila moja Agathe aliiandikia tatu yake nzuri, kwa kuwa ukishaachia ya kwanza, ya pili utaikatalia nini?

Swali moja tu lilimkwamisha Tumukunde.

"Mara mingi unajisikia mutupu ndani?"

"Mutupu namna gani? Tumbo?"

"Hapana, roho. Kama ndani hamuna kitu."

Tumukunde akashangaa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Mutupu? Na Kayitesi iko?" Halafu akajishika, tabasamu likaondoka. "Andika njo, mama. Andika tangu mutoto."

Na Agathe akaandika. Mimi hapo namkasirikia mpaka leo, na ninampenda.

Ikabaki kumpata mtu aliyemjua zamani. Namba ya shangazi Twizeyimana ilikuwepo, imeandikwa kwenye karata ya kambini. Agathe alipanda nyuma ya kituo, kwenye jiwe ambapo network inapita, akapiga. Simu ikaita mara moja, ikakatika. Mvua ilikuwa inampiga, na kwenye benchi kulikuwa na watu tisa wanaomngoja. Mmoja wao alikuwa Nyiransabimana, aliyemsindikiza mkwe wake. Haraka haraka haina baraka, kila mtu analijua neno hilo, na kila mtu analikumbuka jioni. Agathe akamwita Nyiransabimana ndani. Mwanamke aliyemjua Tumukunde tangu harusi tu, miaka sita, na mitatu kati ya hiyo ni ya mbio na kilio, akatoa ushuhuda wa utoto wake.

"Njo namna yake iko," akasema, na hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Elodie alipopata fishi alipiga simu.

"Agathe, ushuhuda ni wa mama mukwe peke? Hakuna mwingine?"

"Network ya Walikale unaijua, dada."

"Na tangu lini uliuliza kwa kila moja?"

"Zote ziko. Angalia. Fishi iko safi."

"Ni kweli iko safi," Elodie akasema, sauti imechoka. "Ya kwako njo ile tu naweza kusoma bila kuumwa macho."

Barua ikaja kwa moto. Sebarenzi akaisoma uani, Tumukunde akiwa shambani anapalilia. Akasoma Kifaransa, akatafsiri polepole kwa sauti ya kanisani: kuna dalili za tabia za kudumu, tangu ujana. Barua haikuishia hapo. Iliendelea kusema mama asaidiwe, asitenganishwe na mtoto, apimwe tena baada ya miezi mitatu.

"Papa Sebarenzi, soma na hiyo ya chini," Agathe akasema.

Akaisoma. Lakini Nyiransabimana alikuwa ameshainuka, anamfunga Kayitesi mgongoni. "Tangu ujana," akasema. "Nimesikia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia.

Kwa Tumukunde walisema mtoto atapelekwa Masisi kutibiwa kikohozi, kwa shangazi zake, siku chache tu. Akakubali. Akamtengenezea mtoto mkate wa mahindi wa njiani. Akaulizia tu kama huko kuna dawa.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi moja, Agathe akiwa anafungua chumba chake, akamkuta Tumukunde amekaa kizingitini. Alikuwa na gunia tupu, limekunjwa vizuri kwapani, na zile jetoni tatu mkononi.

"Mama Agathe, jina langu ilitoka?"

"Ilitoka wapi?"

"Ku liste."

"Liste gani, mama?"

"Ya ile fishi." Tumukunde akashangaa, kama mtu anayeulizwa jina la kijiji chake. "Nilisema njo kwa yote. Ulisahau? Sikusema hapana hata moja."

Agathe akamwingiza chumbani.

"Juu ya nini ulisema njo kwa yote?"

"Mama, hauko umeishi kambi? Pale banakuja na fishi, banauliza unalala vizuri, unaogopa, unalia? Jirani yetu mumoja alisema yeye analala vizuri. Bakamutoa ku liste ya chakula, siku ile ile. Batoto bake balilala njaa mwezi muzima. Tangu pale tulifundishana. Kila swali, njo. Na bakiuliza tangu lini, sema zamani, juu bale ba zamani njo banahudumiwa kwanza." Akazigeuza jetoni kiganjani. "Ulinirudishia hizi. Nikawaza pengine utanipa mpya."

"Na ulitaka upewe nini?"

"Dawa ya Kayitesi. Na bâche moja. Nijifungie kanyumba pale kando ya mahindi, nitoke mu jiko ya mama mukwe, nilale na mutoto wangu."

Agathe alitoka na simu, akapanda kwenye lile jiwe. Safari hii alipiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokewa, sauti ya mwanamke mzima, na nyuma yake jogoo.

"Tumukunde?" shangazi Twizeyimana akasema. "Ule mutoto wa kuacha mulango wazi? Nilimupiga mara ngapi juu ya ule mulango! Mbuzi za majirani zinaingia, batoto ba majirani banaingia, banakula chakula yangu, na yeye iko anacheka tu. Alikuwa hajui kukasirikia mutu. Vita imenifanyia ule mutoto nini, mama? Niambie, anafanya nini?"

Agathe akalia pale juu ya jiwe, mbele ya kilima kizima. Alitumwa na swali moja tu la kweli, aulize alikuwaje zamani, na jibu lilikuwa mara kumi na mbili za kubonyeza simu. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Ujinga ni kuuliza na kutosubiri.

Alimpigia Elodie akamwambia yote, hakujificha popote.

"Na miye niliona ushuhuda ni mumoja nikaacha ipite," Elodie akasema. "Tuko wawili. Kata zile alama zako, andika sababu, tuma leo."

Agathe akakaa mezani, akaikata fishi. Tatu ya kwanza, mstari. Ya pili, mstari. Ukurasa ukajaa mikwaruzo na maneno ya pembeni yaliyosongamana, na yeye aliyechana madaftari kwa sababu ya herufi moja, safari hii hakuchana. Motard, dereva wa moto, akaipeleka Masisi, kesho yake akarudi na barua mpya yenye sahihi ya Elodie: ile ya kwanza imefutwa, huyu mama ameumizwa na vita, atatibiwa, mtoto arudi kwake.

Agathe hakungoja chai. Alishuka kilima karibu anakimbia, matope yakimvua kiatu, na watoto nyuma wakiimba "Mama Fishi! Mama Fishi!"

Sebarenzi aliisoma yote safari hii, mpaka tarehe. Akavua kofia.

"Mama Agathe, balishaenda. Masisi hawakukaa. Juzi balipanda lori ya maziwa, Nyiransabimana na mutoto. Anaenda kwa binti yake wa pili, kule Uganda. Alisema hataki kuzika tena."

"Piga simu, Papa."

"Nilipiga jana nijue kama balifika. Namba haipiti."

Uani palikuwa na kandambili ndogo moja ya mtoto, imekatika ukanda.

"Mulisema tangu ujana," Sebarenzi akasema, taratibu, hakuwa na hasira.

"Nilisema miye," Agathe akajibu.

Kumwambia Tumukunde alikwenda yeye mwenyewe. Viateur alitaka kumsindikiza, akakataa. Alimkuta kwenye mahindi, akamwambia humo humo wamesimama: liste haikuwepo, fishi ilikuwa ya nini, kikao kilisema nini, nani aliandika. Tumukunde alisikiliza, jembe mkononi. Hakurusha kitu. Alikaa chini kwenye udongo, akauliza kitu kimoja.

"Kama ningesema hapana?"

Agathe alitamani kudanganya. "Angekuwa kwako," akasema.

Tangu siku ile wametafuta. Madereva wa malori wamepewa ujumbe, katekista ameandika kwa parokia mbili za ng'ambo, Elodie ameuliza watu wa kutafuta watoto. Majibu hayajafika. Tumukunde amejengewa kanyumba kando ya mahindi. Agathe na Viateur walibeba miti wenyewe, na mlango wake unaangalia njia ya malori. Kila Alhamisi anakuja kituoni kutibiwa, na hatoroki tena akisikia moto. Anakwenda barabarani kuangalia nani kashuka.

Miezi mitatu ilipotimia, sheria ilitaka apimwe tena. Agathe alimwomba Elodie atume mtu mwingine. Tumukunde ndiye aliyekataa. "Aliyeandika ya kwanza aandike na ya pili," akasema.

Wakakaa kwenye kile chumba. Hapakuwa na mvua. Tumukunde hakuja na jetoni.

"Niseme kweli?"

"Kweli tupu, mwanangu."

Maswali yakaenda. Mara mingi unawaza kama bantu banataka kukudanganya? Hapana, ilikuwa kambini tu. Unatupa bintu? Ile sufuria moja, niliomba musamaha. Unafanya mambo bila kuwaza? Hapana. Agathe aliandika moja, moja, moja, na kila moja aliyoandika ingemrudisha Kayitesi kama ingeandikwa wakati wake.

"Mara mingi unajisikia mutupu ndani?"

Tumukunde hakuuliza mutupu namna gani.

"Njo."

"Fasi gani?"

"Kila fasi."

"Nipe mufano."

"Mutoto wa mutu akikohoa ku njia, ninasimama. Hata niko na maji ku kichwa, ninasimama mpaka anapita."

Agathe alijua limebaki moja, na alilijua jibu lake. Midomo ilikataa. Tumukunde akamngoja, halafu akamsaidia.

"Uliza, mama. Tangu lini."

"Tangu lini?"

"Uliandika wewe tarehe," Tumukunde akasema. "Tangu ile."

Na kwa sheria ya kijitabu, utupu wa miezi mitatu haujawa tabia ya mtu. Unaandikiwa moja, maana yake hakuna. Agathe akashika kalamu kwa mikono miwili, akaandika moja.